Nunua Mteremko: Mhadhara kwa Wanaotaka Kuikimbia Julai ya Nairobi

(Ulitolewa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Julai, katika ukumbi mmoja wa jijini, mbele ya waendesha baiskeli, wapanda milima na wastaafu.)

Bwana mwenyekiti, mama zangu, wazee wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja na helmeti mkononi, hamjambo. Kabla sijaanza, anayetetemeka ainue mkono. Naam. Hata mwenyekiti ameinua. Ningekuja na maneno haya mwezi wa Februari mngenisikiliza kwa adabu tu, kisha mkaenda zenu kunywa chai.

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na tangu nistaafu swali ninaloulizwa zaidi ni moja: "Mwalimu, nihamie wapi?" Nikimdadisi muulizaji, huwa anataka vitu vitatu. Anataka joto. Anataka kuishi mashambani, kuku wakiparura uani. Na anataka mahali pa kukimbia, kuendesha baiskeli au kupanda miamba bila kupigiwa honi na matatu. Vitu hivyo ni kama wake wenza. Vinaweza kukaa boma moja, lakini usidhani vinapendana.

Tuanze na joto, kwa sababu hilo ndilo rahisi. Kwetu Kenya joto halitafutwi kaskazini wala kusini, linatafutwa chini. Nanyuki imekaliwa na mstari wa ikweta, na bado usiku utalala na blanketi mbili, kwa kuwa iko karibu mita 1,950 kutoka usawa wa bahari. Ukishuka mita 1,000, joto linapanda kwa nyuzi 6 hivi. Nairobi iko kwenye mita 1,700 na kitu, Makindu kwenye 1,000, Voi haifiki 600. Kwa hiyo broka akikuambia ana ploti mahali penye hewa nzuri, kabla ya kumuuliza kaunti muulize mita.

Na hii Julai yetu ina sababu yake. Upepo wa kusi unatoka baharini ukiwa umebeba unyevu. Ukifika nyanda za juu, huku mashariki ya Bonde la Ufa, unajikusanya na kuwa wingu zito linalotufunika kama kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana Nairobi, Kiambu, Murang'a na Nyeri hukaa wiki nzima bila kuona jua, ilhali ng'ambo ya Ngong watu wanatafuta kivuli.

Mnaokwenda Magadi kwa baiskeli mnalijua jambo hili kwa mwili. Unatoka Rongai alfajiri umevaa jaketi, unapanda Kiserian, unafika Kona Baridi vidole vimekufa hata breki huzihisi. Jina lile halikutolewa kwa utani. Kisha barabara inageuka na kuanguka. Unashuka, unashuka, na mara unaona ukingo wa kivuli cha wingu umelala chini kama ukingo wa mkeka, na mbele yake ardhi ni ya rangi ya dhahabu. Unauvuka. Unasimama kufungua zipu. Ukifika Olorgesailie, pale yalipotapakaa mashoka ya mawe ya watu wa kale, unatafuta mti wa kuegemea. Asubuhi ni ile ile na baiskeli ni ile ile. Nimeishuka barabara hiyo mara nyingi, na kila mara najiuliza kwa nini watu wanahama kilomita 500 kutafuta kitu ambacho wakati mwingine kiko nyuma ya kilima.

Sasa niwaambie nilivyopotea mimi mwenyewe.

Nilipostaafu nilikwenda Kibwezi kumzika rafiki. Ilikuwa Desemba, mvua za vuli zimetoka kunyesha, na kule Ukambani vuli ndiyo mvua ya kutegemewa kuliko ile ya masika. Kila kitu kilikuwa kijani. Kunde zimetambaa, mibuyu ina majani, mbuzi wamenona. Barabara za udongo zilikuwa zimeshikana vizuri, baiskeli inateleza kama iko juu ya ngozi. Milima ya Chyulu ilionekana kwa mbali. Nilikaa siku nne, siku ya tano nikalipa arbuni ya ekari mbili. Mke wangu aliniuliza jambo moja tu: "Maji?" Nikamjibu kwamba muuzaji ameniahidi kisima kirefu cha jirani. Alinitazama, akanyamaza.

Tulihamia Agosti. Mpaka Oktoba nilikuwa nimejifunza yote ambayo Desemba ilinificha. Maji ya kisima yalikuwepo kweli, lakini yalikuwa ya chumvi. Sabuni haikutoa povu, ilikuwa inakatikakatika kama maziwa yaliyoganda. Birika lilifanya ukoko mweupe, ukiutikisa unasikia vipande vikigongana ndani. Maji ya kunywa yaliletwa na punda, mitungi minne ya lita 20, na kijana mwenye punda ndiye aliyekuwa bosi wangu. Akisema leo haji, basi hatuogi. Na baiskeli? Zile njia laini ziligeuka vumbi la kuzamisha gurudumu, na miiba ya migunga ilinitoboa tairi mara tatu kwa safari moja. Mara ya tatu nilikaa chini ya mgunga huo huo ulionitoboa, nikacheka peke yangu. Saa tatu asubuhi jua lilikuwa limeshakataza mchezo wowote.

Kibwezi haina kosa. Nina marafiki wanaoishi pale vizuri sana, wenye matangi ya mvua makubwa na akili kunizidi. Kosa lilikuwa la Desemba yangu. Mahali unapopapenda pachunguze katika mwezi wake mbaya. Panga nyumba hapo, ulale hapo, uchote maji yake, kabla hujatoa shilingi ya arbuni.

Nije kwenye michezo. Hapa watu wengi wanajidanganya kwa kuwaza safari badala ya maisha. Ukienda kuteleza kwa raft kule Sagana kwenye mto Tana mara mbili kwa mwaka, usihamie Sagana kwa ajili hiyo, panda gari uende. Chagua mahali kwa mchezo unaoufanya Jumanne. Mpanda miamba ambaye kila wiki yuko Lukenya, huyo ana sababu ya kutafuta nyumba upande wa Athi River. Anayependa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia ndani ya hifadhi ya Hell's Gate atafikiria Naivasha, na nitamwambia mambo mawili: apime floridi kwenye maji ya kisima, kwani maji ya ardhini ya Bonde la Ufa yanayo kwa wingi na huwaharibu watoto meno, halafu asijenge karibu na ziwa. Waulizeni watu wa mtaa wa Kihoto ziwa lilipowafuata mpaka vyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo wageni kutoka Ulaya hulishangaa na sisi hatulifikirii. Kwao kiangazi mtu anatoka kazini saa kumi na moja jioni na bado ana saa nne za mwanga. Kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi na kuchwa saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima. Mahali pa joto, basi, saa za mchezo ni chache: tangu kupambazuke mpaka saa tatu, na kidogo jioni. Kama kazi yako ya mtandaoni inaanza saa mbili asubuhi, joto hilo utaliangalia dirishani.

Tazameni mabingwa wetu wanaishi wapi. Iten, mita 2,400, kwenye baridi ya kufa. Hewa kule ni nyembamba, damu inalazimika kuongeza chembe nyekundu, na mwili unaweza kufanya kazi nzito bila kuchemka. Lakini simama ukingoni pale Iten utazame chini. Bonde la Kerio limelala zaidi ya mita 1,000 chini yako, na pale ni joto la maembe. Wenye miavuli ya kurukia hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka bondeni ili wabaki juu. Na wakimbiaji wana mazoezi yao maarufu ya kupanda kutoka Fluorspar huko bondeni, kilomita 21 za mlima mtupu.

Wakeiyo na Wamarakwet waliligundua hili kabla ya jiografia yangu. Nyumba nyingi walizijenga kwenye ngazi za ukingo, katikati. Chini bondeni wakalima mtama na wimbi kwa mifereji ya maji waliyoichonga kwenye mawe karne nyingi zilizopita, na hawakulala kule penye mbu. Juu wakachunga na kupata kuni. Familia moja, hali tatu za hewa, na hakuna aliyehama kaunti.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu: acha kununua mahali, nunua mteremko. Tafuta pale ambapo ukishuka nusu saa unapata joto na ukipanda nusu saa unapata ubaridi wa mchezo. Nyumba ikae katikati, au chini kidogo kwa anayeumwa na mifupa kama mimi. Mteremko nao una hatari yake. Aprili 2020 maporomoko ya udongo yaliua watu Chesogon, na Kerio imeteswa pia na wizi wa mifugo. Kwa hiyo ukifika usitazame mandhari tu, tazama miti. Ukiona mashina yamepinda yote kuelekea chini, ardhi hiyo inatembea.

Pwani je? Najua mnangoja. Pwani haina mteremko, ina majira. Anayeteleza baharini kwa tiara atafurahi Kilifi, Diani au kaskazini ya Malindi, wakati wa kaskazi tangu Desemba mpaka Machi, na tena wakati wa kusi. Katikati, upepo ukilala, atashona nyavu. Mwogeleaji naye asipojua bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na maji mafu, siku za maji kusogea kidogo, ataingia baharini atembee kwenye mwamba mpaka achoke, maana maji yakipwa kweli kweli yanashuka karibu mita 4. Chumvi itakula mnyororo wa baiskeli yako kwa msimu mmoja. Na malaria iko: sisi tuliokulia huku juu hatuna kinga nayo, kwa hiyo neti si pambo. Kuhusu ardhi ya Pwani sitasema mengi, ila kuna watu wanaishi juu ya ardhi ya mababu zao bila hati tangu sheria ya usajili ya 1908, na kuna wenye hati ambao hawajawahi kuikanyaga. Usiwe wa tatu katika ugomvi huo.

Ya sheria nayapitia mbio, kwani mawakili mnao. Ardhi ya kilimo inahitaji ridhaa ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba unakufa. Kisima kirefu kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Walioolewa au kuoa wageni wakumbuke kwamba Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kukodi tu, miaka isiyozidi 99. Basi.

Maswali? Mama pale nyuma.

"Mwalimu, umetuzungusha nchi nzima. Wewe unakaa wapi?"

Haki yako, mama. Tunapanga Mwatate, Taita. Treni inatushusha Voi, kisha matatu. Nyumba yetu ina joto la kumfurahisha mke wangu; chini kuna mkonge na tambarare, na tembo, kwa hiyo barabara ya kwenda Voi siendeshi baiskeli giza likiingia. Juu yetu, chini ya kilomita 20 za kona, kuna Wundanyi, kabeji na ukungu. Zaidi ya hapo ni Vuria, mita 2,208. Mara mbili kwa wiki napanda na baiskeli mpaka Wundanyi, nakunywa chai nimevaa sweta, kisha nashuka mpaka jasho linirudie.

"Na hospitali?"

Voi, kwa gari. Ukiwa na ugonjwa wa moyo fikiria mara mbili, sitakudanganya.

"Na mwezi mbaya wa huko ni upi?"

Ahsante, umenisikiliza. Kwetu ni Oktoba, mvua ikichelewa. Bomba hukauka, tangi linagonga kama ngoma, na tembo huja kuangalia kama sisi tuna maji. Nyumba ya jirani ina vyumba viwili na imekaa tupu tangu Mei. Njoo tarehe moja Oktoba, lete ndoo zako. Kodi yake nitakunong'oneza hapo nje, kabla mwenyekiti hajanisikia.