San Siro: nyumba ya jiji, wapangaji wawili

Haya jamani asanteni kwa kuja, mliosimama nyuma sogeeni huku mbele nafasi ipo. Leo naongelea San Siro, uwanja wa mpira wa Milano kule Italia, na naanza na kitu ambacho tunakiona kwenye tivii kila msimu bila kujiuliza. Klabu za AC Milan na Inter ni watani wa jadi, hawaivi chungu kimoja, sasa imekuwaje wanalala nyumba moja? Ni kwamba kwa miaka 90 ule uwanja haukuwa wa Milan wala wa Inter, ulikuwa mali ya jiji.

Ila mwanzo haikuwa hivyo. Aliyetoa hela ya kuujenga ni Piero Pirelli, rais wa Milan wakati ule, ndiyo wale wale Pirelli wa matairi. Kazi ikaanza 1925, na tarehe 19 Septemba 1926 ukafunguliwa kwa Milan kucheza na Inter, na Inter wakashinda 6-3, yaani umejenga nyumba yako, siku ya kuhamia jirani ndiye anakula pilau. Kitu kizuri walichofanya, hawakuweka njia ya riadha, uwanja wa mpira tu, shabiki anakaa karibu na nyasi mpaka anamsikia mchezaji akipiga kelele.

1935 jiji likaununua. Inter wao bado walikuwa Arena Civica, uwanja wa tangu enzi za Napoleon, nao wa jiji, mpaka 1947 ndio wakahamia San Siro. Tangu hapo ni wapangaji wawili kwa mwenye nyumba mmoja, Milan jukwaa lao la kusini, Inter la kaskazini, wiki hii nyekundu wiki ijayo bluu.

1955 wakaongeza jukwaa la pili juu ya lile la zamani, na mimi hapa ndipo napapenda zaidi, kwasababu ndipo zilipokuja zile njia za mteremko zinazouzunguka uwanja kwa nje kama mkanda. Mechi ikiisha watu wanashuka nazo maelfu kwa maelfu, ukiangalia kwa mbali unaona kama ukuta mzima unatembea. 1980 ukapewa jina la Giuseppe Meazza, mtoto wa Milano aliyebeba Kombe la Dunia mara mbili, 1934 na 1938, damu yake Inter ila na Milan alichezea, kwahiyo jiji lilichagua jina ambalo wote wanaligusa kidogo. Na mwaka huohuo, mwezi wa 6, Bob Marley akapiga shoo pale pale, uwanja ukafurika.

Sasa twende 1990. Kwa ajili ya Kombe la Dunia wakasimamisha minara 11 ya zege, wakaweka jukwaa la tatu na paa lenye vyuma vyekundu, ila jukwaa lile lina pande tatu tu maana upande wa nne umebanwa na uwanja wa mbio za farasi. Mechi ya ufunguzi tarehe 8 Juni, Argentina mabingwa watetezi wana Maradona, wanakutana na Cameroon. Dakika ya 61 Kana-Biyik wa Cameroon anakula nyekundu, na dakika sita baadaye ndugu yake wa damu, Omam-Biyik, anaruka juuu anapiga kichwa, mpira unampita kipa mikononi, 1-0! Massing naye akatolewa mwishoni wakamaliza wako tisa na wakashinda hivyohivyo. Jamani mimi nikiiangalia ile mechi mpaka leo nasisimka, Afrika nzima ilisimama siku ile, na ilisimamia pale San Siro.

Lile paa lilileta balaa lakini, likaziba jua na hewa, nyasi zikawa zinakufa kila mwaka, wakahangaika nazo miaka zaidi ya 20 mpaka 2012 walipochanganya nyasi za asili na za bandia. Miaka miwili nyuma yake, 2010, ndugu yetu McDonald Mariga kutoka Kenya alikuwa ameshatua Inter, na msimu uleule wakachukua Ligi ya Mabingwa, kwahiyo na Kiswahili kimeshawahi kuwa na mtu wake kwenye vyumba vile vya kubadilishia.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Usiku wa kuamkia 30 Septemba 2025 madiwani wa Milano walipiga kura, 24 kwa 20, kuwauzia Milan na Inter uwanja na eneo lake kwa euro milioni 197, na Novemba 5 wakasaini. Haraka ya nini? Novemba 10 lile jukwaa la 1955 lilikuwa linatimiza miaka 70, na sheria ya Italia jengo la umma likifika umri huo linaweza kulindwa kama urithi, kulibomoa inakuwa kazi kweli kweli. Siku tano tu! Klabu zinataka kujenga mpya hapohapo jirani wa watu 71,500, wa zamani ubaki kipande kidogo.

Klabu zina sababu zao na hesabu zao, nazielewa. Ila mwenye safari ya Milano asichelewe, panda metro ya M5, shuka kituo cha mwisho kinaitwa San Siro Stadio, ukitokeza juu tu minara hiyo hapo mbele yako.