Kabati la viatu katikati ya njia

Haya jamani, mambo vipi huko nyumbani? Leo sijatoka, nipo ndani, na vyumba vya Hong Kong mshavizoea: ukinyoosha mikono yote miwili umegusa kuta. Ngoja nigeuze kamera. Huu mlango. Na lile kule, limetazamana nao kabisa, dirisha. Mmeona eeh? Hilo ndilo lililomleta mama mwenye nyumba juma lililopita na kabati la viatu.

Lenyewe hili hapa, kalisimamisha katikati ya njia. Kila nikiingia nagonga goti. Nikamwambia, mama, kwetu Tanga tunafungua mlango wa mbele na wa uani, upepo upite, mtu apate kulala mchana. Alicheka huyo! Akasema nyumba ya hivyo chi inaingia mbele inatokea nyuma, hata maji ya kunywa haijapewa, na pesa inaifuata.

Sasa hiyo chi. Herufi yake ya Kichina ndiyo hiyohiyo ya hewa na pumzi. Hapa kwa Kikantoni wanaitamka hei. Wanaamini ndiyo uhai wenyewe, unapita milimani, majini, mwilini, mpaka humu chumbani. Na elimu yao ya kupanga nyumba na makaburi ili chi ipite vizuri ndiyo fengshui, maneno mawili: upepo na maji. Maandishi ya kale anayohusishwa nayo Guo Pu, mtu wa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, yanasema chi ikipanda upepo hutawanyika, ikikuta maji husimama. Na yanazungumzia makaburi, jamani, si sebule! Ndiyo maana makaburi ya zamani huku utayakuta ubavuni mwa kilima, mlima mgongoni, maji mbele.

Kwa hiyo chi haitakiwi ilale, wala haitakiwi ikimbie. Ikishika njia iliyonyooka ikaenda mbio inageuka kuwa sha, nayo ni balaa. Ndiyo kazi ya kabati: izunguke kidogo.

Msiseme ni mambo ya vibibi. Pale Central, katikati ya jiji, kuna makao ya benki ya HSBC, jengo la miaka ya 1980 lililobuniwa na msanifu Norman Foster. Chini liko wazi, unakatiza barabara mpaka barabara; Jumapili dada wa kazi wa Kifilipino wanatandika maboksi, wanakula, wanasukana. Wenyeji wanasema uwazi ule ni njia ya chi, na ngazi za umeme zimekaa kimshazari kwa ajili hiyohiyo. Karibu yake ni mnara wa Bank of China, kazi ya msanifu I. M. Pei, kona zake kama visu. Watu wakalalamika kwamba visu vile vinawakata. Juu ya paa la HSBC kuna kreni za matengenezo, na mtaani wanaziita mizinga: zinajibu mashambulizi.

Mimi ni joto tu linaloniua. Nikaweka feni juu ya kabati. Leo asubuhi mama kaja, kaitazama weee, kaigeuza ielekee ukutani, kaondoka zake.