Nani Anamwangalia Mgonjwa Saa Tisa za Usiku?

Asanteni sana. Shikamooni wazee wangu, na wauguzi wenzangu habari za kazi. Nimekuja kusema juu ya uchache wa wauguzi kwenye zamu, na naomba nianze na hesabu ndogo.

Mama akishajifungua, saa ile ya kwanza ndiyo yenye hatari. Kila dakika 15 muuguzi anatakiwa afike kitandani, aguse tumbo ahisi kama mji wa mimba umekaza, aangalie pedi, ahesabu mapigo, apime presha. Ni mara nne kwa saa. Sasa wekeni zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja na akina mama 10 waliojifungua kwa kufuatana. Mara nne kwa mama 10 ni mara 40. Gawanyeni saa moja: kila mara anapofikiwa, mama anapata dakika moja na nusu. Humo hamna kunawa mikono, hamna kuandika kwenye faili, hamna kutembea kutoka kitanda hiki hadi kile. Na mama wa 11 yuko leba anasukuma.

Muuguzi huyo atachagua. Atamwendea anayelia, atamwacha aliyenyamaza. Na mama anayepoteza damu, ndugu zangu, hunyamaza. Anasema ana usingizi.

Nimewahi kuwa muuguzi huyo. Usiku mmoja, kwenye wodi ya wazazi, niliitwa na mama wa kitanda cha jirani: "Sista, mwenzangu hanijibu." Nilipofunua shuka, damu ilikuwa imefika kwenye godoro. Tulimwokoa. Lakini aliyemwona ni mgonjwa mwenzake, na kazi ya kumwona ilikuwa yangu. Jambo hilo halijanitoka mpaka leo.

Kama angekufa, wataalamu wangeita hilo kushindwa kuokoa: mgonjwa anapata tatizo linalotibika, ila anakufa kwa kuwa halikuonekana au halikutibiwa mapema. Daktari hupita asubuhi na kuondoka. Anayekaa na mgonjwa saa 24 ni muuguzi, na jicho lake likigawanywa mno, dalili za mwanzo zinapita bila mtu.

Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, wenye wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 232,000. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Ukitoka wagonjwa wanne kwa muuguzi mpaka wanane, ni asilimia 31.

Kuna anayesema hospitali zenye wauguzi wengi ni za matajiri, ndiyo maana wagonjwa wake wanapona. Ni hoja ya haki. Basi tutazame Queensland, Australia. Mwaka 2016 sheria iliamuru hospitali 27 za umma ziwe na muuguzi mmoja kwa wagonjwa wanne mchana na mmoja kwa saba usiku, kwa wastani wa wodi. Watafiti wakazilinganisha na hospitali 28 ambazo sheria haikuzigusa. Zile 27, vifo vilipungua. Wagonjwa walirudi nyumbani mapema zaidi, na waliolazwa tena hawakuongezeka, ilhali kwenye zile 28 waliongezeka. Fedha iliyookolewa hapo ilizidi mara mbili gharama ya wauguzi walioongezwa. Wahasibu mliopo, naomba mliandike hilo.

Nanyi msiseme hayo ni ya Wazungu. Nairobi, watafiti waliketi ndani ya vitengo vya watoto wachanga wakaandika huduma zilizotolewa na zilizorukwa. Palipozidiwa, nyingi zilirukwa, na baadhi ya kazi za kumtunza mtoto mgonjwa zilifanywa na mama mwenyewe.

Hapa kwetu ukiuliza wauguzi ni wangapi, unaonyeshwa ikama, yaani orodha ya watumishi wa hospitali. Ikama ni karatasi. Ndani yake yumo aliye masomoni, aliye likizo ya uzazi, aliyehamishiwa ofisini, na aliye kliniki mchana. Mgonjwa wa saa tisa za usiku hatazamwi na ikama, anatazamwa na aliye zamu. Na wakati huohuo vijana waliohitimu uuguzi wako mtaani, leseni ziko kabatini, wanasubiri tangazo la ajira. Hili linaniuma kuliko yote niliyosema.

Mganga mfawidhi wetu, msimamizi wa hospitali, ameketi hapa mbele, namheshimu, na najua bajeti haiko mfukoni mwake. Ombi langu kwake ni ubao mmoja mlangoni pa kila wodi, uandikwe kila zamu inapoingia: wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi. Ndugu wa mgonjwa wausome. Diwani akija, ausome. Ubao na chaki tunavyo.

Naona dada pale nyuma amenyoosha mkono tangu zamani. Karibu, mama, uliza.