Kuiwezesha Bodi Ndogo ya Linux Kupata Anwani ya IP Yenyewe

Kwenye video hii tunaiwekea bodi yenye Linux na BusyBox (programu moja inayobeba amri nyingi ndogo za Linux) mfumo wa DHCP, ili kila ikiwashwa ichukue anwani ya IP kutoka kwa ruta bila kuguswa. Ingia kwa kebo ya siriali. Mtandao ukigoma katikati ya kazi, huna mlango mwingine.

Chomeka kebo ya mtandao, kisha andika (eth0 ni jina la mlango wa mtandao wa bodi):

ip link set eth0 up
cat /sys/class/net/eth0/carrier

Ikitoka 1, waya umeshika. Ikitoka 0, achana na DHCP kwanza. Kagua kebo na swichi.

Sasa omba anwani kwa udhcpc, programu ya BusyBox ya kuomba DHCP:

udhcpc -i eth0

Bodi inatangaza ombi lake kwa 255.255.255.255, kwa kuwa bado haijui seva iko wapi. Subiri mstari wenye maneno lease na obtained. Ukiona lalamiko lenye AF_PACKET, kerneli (kiini cha Linux) ilijengwa bila chaguo la CONFIG_PACKET. Hapo hakuna ujanja, ijenge upya.

Thibitisha kwa ip addr show eth0. Hapa ndipo wengi hukwama: udhcpc imesema imepata, lakini eth0 haina kitu. Sababu ni kwamba udhcpc haiweki anwani yenyewe. Huita skripti ya /usr/share/udhcpc/default.script na kuikabidhi $ip, $subnet, $router na $dns. Skripti ndiyo inayoweka. Ikikosekana, au ikiwa haina ruhusa ya kuendeshwa, hakuna kinachobadilika. Ikiwa ipo, ipe ruhusa kwa chmod +x, kisha rudia.

Ping ya namba ikipita lakini ya majina ikakataa, tazama /etc/resolv.conf, faili lenye anwani za seva za majina (DNS). Kwenye mfumo wa faili usioandikika, skripti haiwezi kuijaza. Unapotengeneza imeji ya mfumo, fanya /etc/resolv.conf iwe kiungo cha kwenda /tmp/resolv.conf.

Ili ijiendeshe yenyewe, fungua /etc/network/interfaces uandike:

auto eth0
iface eth0 inet dhcp
    udhcpc_opts -t 15

Hakikisha pia skripti za kuwashia zinaita ifup -a. Mstari wa tatu usiuruke. Kwa kawaida udhcpc hujaribu mara 3, kila jaribio sekunde 3. Mara nyingi ifup huiambia ikate tamaa hapo hapo. Swichi yenye STP (itifaki ya kuzuia mizunguko kwenye mtandao) inaweza kuufunga mlango wake kwa sekunde 30, hivyo maombi yote yanapotea. Majaribio 15 yanakupa sekunde 45. Gharama yake: bila kebo, bodi itachelewa kuwaka kwa muda huo.

Washa upya. Anwani ikibadilika kila mara, linganisha MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) kwa ip link show eth0 kila baada ya kuwasha. Bodi nyingi za bei nafuu hubuni MAC mpya kila zinapowaka, na ruta huziona kama wageni. Iweke isibadilike kwenye U-Boot, programu inayoiwasha bodi kabla ya Linux:

setenv ethaddr 02:00:00:00:00:01
saveenv

Bodi ya pili ipe namba nyingine, la sivyo zote mbili zitagombea anwani moja.