Washindi Walioshindia Maembe

Nianze na chakula, maana naona saa ya kula imekaribia. Juni 1576, jeshi la Akbar, mfalme wa dola ya Mughal huko India, limeshinda vita Haldighati, njia nyembamba milimani Rajasthan, iliyopewa jina la manjano, bizari ile ile mnayotia kwenye mchuzi, kwa sababu ya rangi ya udongo wake. Jeshi likaingia Gogunda, mji wa adui. Nafaka haipatikani. Badayuni, mwandishi aliyekuwa na jeshi hilo, anasimulia kwamba askari waliishi kwa nyama na maembe hadi wakaugua. Hao ndio washindi!

Aliyeshindwa ni Pratap Singh, Rana, yaani mfalme, wa Mewar. Akbar alikuwa amekwisha kuitwaa ngome ya Chittor mwaka 1568 na kuamuru mauaji makubwa. Pratap alitawazwa 1572, na wajumbe wa Akbar wakaanza kumiminika: mara nne, kwa maneno matamu. Walichotaka ni kimoja, Rana aende mwenyewe barazani akainame. Wafalme wengine wa Rajput, tabaka la wapiganaji wa Rajasthan, walishakubali, wakapewa vyeo na majeshi. Pratap hakwenda.

Wengi hupenda kukisimulia kisa hiki kama vita vya Wahindu na Waislamu. Mimi sikubaliani nao. Jeshi la Akbar liliongozwa na Man Singh wa Amber, Rajput na Mhindu. Upande wa Pratap alikuwapo Hakim Khan Sur, Mwislamu wa Kiafghani. Badayuni huyo huyo anaeleza kwamba aliuliza atawatofautishaje Marajput wa kwao na wa adui. Akajibiwa apige tu mishale, afe wa upande wowote.

Kuhusu Chetak, farasi wa Pratap, sisemi mengi. Watoto wa Rajasthan watawasimulia vizuri kuniliko.

Vita vyenyewe vilikuwa baada ya hapo. Pratap alijificha milima ya Aravalli kwa msaada wa Wabhil, wenyeji wa misitu ile. Wakulima waliamriwa wahame mabondeni, mashamba yaachwe yamee magugu, ili jeshi la Akbar lisiokote hata punje. Fikirieni uchungu wa mkulima huyo, ambaye hakuna anayemwimbia. Ngome ya Kumbhalgarh ikaanguka 1578, Pratap akaponyoka. Mwaka 1582 akashinda vita vya Dewair, na Akbar alipohamia Lahore 1585 kushughulikia mpaka wa kaskazini-magharibi, Pratap akarejesha sehemu kubwa ya Mewar. Chittor hakuipata. Alikufa 1597 huko Chavand.

Mwanawe, Amar Singh, ndiye aliyefanya suluhu na Jahangir, mwana na mrithi wa Akbar, mwaka 1615. Yasikilizeni masharti: mwana wa Rana atakwenda barazani, Rana mwenyewe hatalazimishwa. Chittor itarudishwa, ila kuta zake zisikarabatiwe.

Zilikarabatiwa. Mwaka 1654 Shah Jahan, mwana na mrithi wa Jahangir, alilazimika kutuma jeshi kuzibomoa.