Longonot na Watoto: Ukingo Unatosha

OTIENO: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena kipindini, tuko hapa Nakuru mjini. Mimi ni Otieno, na mwenzangu ni yuleyule.

CHEBET: Chebet, mama wa soksi zilizojaa vumbi. Nimezifua, nimezisuuza, na maji bado yanatoka rangi ya chai.

OTIENO: Vumbi la Longonot hilo, majivu ya volkano. Kwa asiyeujua, mlima wenyewe uko kaunti yetu hii, karibu na Naivasha, na kilele chake kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Tulikwenda familia kadhaa, wengine wametoka Kisumu, watoto kuanzia PP2 ya chekechea hadi Gredi ya 4. Tukapiga kambi chini, asubuhi tukapanda.

CHEBET: Na kabla hujaanza habari za kilele, niseme langu. Ukiwa na watoto wadogo, Longonot ni mlima wa kufika ukingoni, basi. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, ni kama kilomita 3. Ukiuzunguka ukingo wote unaongeza kilomita 7 na ushei, na kushuka bado.

OTIENO: Lakini kilele kiko kwenye huo huo ukingo! Mtoto akaseme nini shuleni, kwamba tulifika tukachungulia?

CHEBET: Aseme hivyo hivyo! Kule chini kuna msitu mzima umejaa ndani ya shimo, kuta zimesimama wima. Hata wewe ulinyamaza, na si kawaida yako. Halafu ile njia ya ukingoni mahali pengine ni nyembamba, kreta upande huu, mteremko upande ule. Mtoto akichoka anaburuta miguu. Akikua, na hamu ikiwa ni yake mwenyewe, tutazunguka.

OTIENO: Nimekusikia. Sijakubali, lakini nimekusikia.

CHEBET: Tena mliamua usiku kwenye moto, sote tukiwa tumeshiba, kwamba tunageukia ukingoni. Mambo hayo huwezi kuyaamulia juu kule, mzazi mmoja anataka sifa, mwingine ana mtoto analia.

OTIENO: Ule usiku wenyewe! Watu wa Kisumu walikuja na fulana. Wamezoea joto la ziwa, na langoni tu pale ni zaidi ya mita 2,000. Saa nane usiku nasikia mtu anauliza nani ana blanketi la ziada.

CHEBET: Lakini kulala pale ndiko kulikotuokoa na jua. Ukitoka Nakuru asubuhi, unaanza kupanda jua limeshachoma, na kivuli njiani ni cha kutafuta. Sisi kulipopambazuka tulikuwa na uji tumboni. Na maji mbebe kutoka chini, juu hakuna bomba wala mto.

OTIENO: Kuna wazazi waliuliza tuliwezaje kuwatembeza bila kelele za "tumefika?"

CHEBET: Kamba hukatikia pembamba. Tulimtanguliza yule mdogo kuliko wote, mwendo ukawa wake. Wale wakubwa walinuna kidogo, halafu vikaanza vitendawili. Kitendawili!

OTIENO: Tega!

CHEBET: Kuku wangu katagia mibani.

OTIENO: Nanasi. Hicho kilitufikisha mbali, maana jibu lilikuwa haliruhusiwi mpaka tufike kwenye mti ule pale.

CHEBET: Mimi nilipenda yale makorongo. Maji ya mvua yamechimba majivu mpaka kuta zinampita mtoto urefu. Mmoja wa Gredi ya 2 akaokota jiwe kubwa kama kichwa chake, akaliinua kwa mkono mmoja, akatuangalia kama amepata nguvu za ajabu.

OTIENO: Kumbe lina vitundu tupu! Lava iliyojaa gesi ikaganda kabla gesi haijatoka yote. Kila mtoto akataka jiwe lake, hapo tukapoteza nusu saa.

CHEBET: Hatukupoteza. Na yote yalirudishwa palepale, hifadhini hubebi kitu.

OTIENO: Kushuka sasa.

CHEBET: Hapo ndipo pa kuangalia. Changarawe inateleza, na watoto wakiona mteremko wanataka kukimbia. Mtu mzima atangulie, mtu mzima afunge mkia, njia mkiikata kwa upandeupande. Na mkate kucha za miguu siku moja kabla. Kidole kinagonga kiatu kila hatua, kucha ndefu itamliza mtoto.

OTIENO: Mama mmoja wa Kakamega ameuliza kuhusu mtoto wa mgongoni.

CHEBET: Inawezekana, leso ifungwe vizuri, kofia ya jua isisahaulike. Ila anayembeba asibebe kingine chochote, mikono iwe huru akiteleza.

OTIENO: Kwa hiyo baba ndiye punda wa maji.

CHEBET: Na mandazi. Tena asiyale njiani.