Kazi ya Saa Nane Usiku Ilikwama Wapi?

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kunialika. Wengi humu mna zamu za usiku, kwa hiyo naanza na swali mnaloulizwa kila asubuhi: kazi ya saa nane usiku ilikwama wapi?

Siku hizi swali hilo tunamwachia wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotumia zana kufanya kazi kwa niaba yetu. Tangu Anthropic ilipotangaza itifaki ya MCP, ya kuunganisha akili mnemba na zana za nje, mwezi Novemba 2024, kumpa wakala zana kumekuwa jambo jepesi: unaitaja zana kwa jina, unaeleza inafanya nini na inahitaji taarifa zipi, kisha wakala mwenyewe anaamua aitumie lini. Leo nazungumzia zana inayochota historia ya mitiririko ya kazi kwenye wingu, na mfano wangu ni Step Functions, huduma ya Amazon inayoendesha kazi hatua kwa hatua. Nina ombi moja kwenu. Jibu la wakala lisilotaja namba ya tukio kwenye historia, msilipokee.

Mbona nalikazania? Tuifungue historia yenyewe. Mtiririko wa aina ya Standard, yaani ya kawaida, huandikwa tukio kwa tukio, na kila tukio lina namba yake, muda wake, aina yake, na namba ya tukio lililolitangulia. Historia ya kazi moja inaweza kufika matukio 25,000. Ukiita GetExecutionHistory, amri ya kusoma historia, bila kutaja kiasi, unapewa 100 ya mwanzo, pamoja na tokeni ya kuombea ukurasa unaofuata.

Sasa chukueni mfano wa wakala mwenye zana inayorudisha ukurasa mmoja tu. Tukio la 41 anakuta TaskFailed, yaani hatua imeshindwa. Hapohapo anaandika, tena kwa lugha safi: kazi imeanguka kwenye hatua ya kuhakiki salio, huduma ya benki haikujibu. Meneja anaridhika, barua pepe inatumwa benki. Kumbe hatua hiyo iliwekewa Retry, agizo la kujaribu tena. Tukio la 42 kazi ileile inapangwa upya, na la 44 ni TaskSucceeded, imefaulu. Kilichoangusha mtiririko kiko tukio la 612, kurasa sita mbele, ambako wakala hakufika. Hakudanganya hata neno moja kuhusu alichokisoma, na bado mmewasumbua watu wa benki bure.

Dawa ipo kwenye kigezo kinachoitwa reverseOrder. Historia inaanza kusomwa kutoka mwisho: wakala anaiona ExecutionFailed, tukio la mtiririko mzima kuanguka, kwanza, kisha anarudi nyuma kwa kufuata namba ya tukio lililotangulia. Asifuate mpangilio wa orodha, maana matawi yanapokwenda sambamba matukio yake huchanganyika, na jirani kwenye orodha anaweza kuwa wa tawi lingine kabisa. Kifungeni kigezo hicho ndani ya zana. Msikiache kwenye hiari ya wakala.

La pili ni muda, na hili linatugusa sisi hasa. Orodha ya kazi inayoletwa na amri ya ListExecutions ina kichujio cha hali, kama FAILED (imeanguka) au TIMED_OUT (imepitiwa na muda), lakini haina kichujio cha saa. Inakuja ya karibuni kwanza, na wakala anapaswa kujipimia mwenyewe. Saa nane usiku ya Dar es Salaam au Nairobi ni 02:00, na kwa UTC, saa ya kimataifa, ni 23:00 ya tarehe iliyopita. Wakala akidhani ni 20:00, atawaletea kazi nyingine iliyoanguka, na ushahidi kamili juu yake. Kwa hiyo zana irudishe muda kwa UTC na kwa saa za Afrika Mashariki, na wakala atamke muda anaoutafuta kabla hajaanza kutafuta.

Halafu kuna ukimya. Historia ya Standard huhifadhiwa siku 90 baada ya kazi kumalizika. Mitiririko ya Express, ile isiyozidi dakika 5, haina historia ya namna hiyo. Utaikuta CloudWatch, huduma ya Amazon ya kutunza logi, yaani kumbukumbu za mfumo, kama tu uliziwasha mapema. Zana ikirudisha orodha tupu, wakala atasema hakuna hitilafu. Ilazimisheni itofautishe "hakuna kilichoanguka" na "hakuna rekodi".

Ndugu hapo mbele ameuliza: akishajua kilipokwama, kwa nini asiirudishe kazi mwenyewe? RedriveExecution, amri ya kuirudisha kazi iliyoanguka, ipo tangu 2023, na inaanzia pale pale kazi ilipoangukia. Jibu langu ni hapana, hasa kwenye malipo. Hatua inaweza kuwa imeandikwa kuanguka ilhali pesa zimeshatoka, na historia haioni upande wa benki. Mpeni ruhusa za kuorodhesha, kueleza na kusoma historia. Kurudisha kazi kubaki kwa binadamu wa zamu.

Na kabla hamjaondoka, angalieni kigezo cha includeExecutionData. Msipoigusa, historia inakuja na data yote iliyopita kwenye kila hatua: majina, namba za simu, kiasi cha pesa. Data hiyo inaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo ya wakala. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Iwekeni false, na mtu anayehitaji kuiona data aombe kwa tukio moja, kwa jina lake mwenyewe.